Mpira wa Mkojo wa Baba Nusura Niwekewe Mimi

Mheshimiwa mwakilishi wetu wa kaunti, Daktari Mwongera mwalimu wa hawa vijana, wauguzi, wazazi, na ninyi wanafunzi wa udaktari mnaotuaga leo: salaam aleikum, na kwa ndugu zangu wa kanisani, habari zenu. Mko wazima? Kumuuliza daktari swali hilo ni kichekesho kidogo, lakini ninyi mmetuuliza kila asubuhi, na ni nani aliyewahi kuwauliza ninyi?

Mimi ni Dabasso Halkano, nauza mbuzi, nakaa Kiwanjani. Shule niliiacha mapema, basi mnivumilie. Nimeombwa niseme kwa niaba ya wagonjwa, ingawa wodini mimi sikuwa mgonjwa. Shida ilianzia hapo.

Baba yangu, Mzee Halkano Dabasso, yule pale mbele mwenye kofia, aliletwa hapa mkojo umekataa kutoka. Tumbo limekaza, maumivu hayasemeki. Lakini mzee aliyelala chini maisha yake yote alikikataa kitanda, akaenda kuugulia kwenye mkeka barazani. Kitanda kikabaki kitupu, shuka nyeupe, nami nimeswaga mbuzi kwa miguu kutoka Gotu. Nikajilaza kidogo.

Kufumbua macho, namwona binti Akolong, mmoja wa ninyi wanafunzi, na kitoroli cha vifaa.

"Mzee Halkano?"

"Naam," nikaitika, maana sokoni wengi huniita kwa jina la baba.

"Tunataka kukuwekea mpira wa kutoa mkojo. Unapitia mbele, unaingia mpaka kwenye kibofu. Umekubali?"

Ndugu zangu, mtu wa koti jeupe akikuuliza hivyo, wewe utajibu nini? Nilisema ndiyo. Nilidhani ni sharti la kila anayelalia kitanda cha serikali. Akanawa mikono, akavaa glavu, akaufungua ule mpira. Nikautazama urefu wake, nikaanza kutoa shahada.

Ndipo akasita. "Kabla sijakugusa, niambie mwenyewe jina lako kamili na miaka yako."

"Dabasso Halkano. Hamsini na mbili."

"Na mkojo ulitoka lini mara ya mwisho?"

"Sasa hivi, nikija."

Angeweza kunyamaza, nami ningeondoka nikijua tu kwamba Mungu ameniokoa. Lakini alimwita mwalimu wake mbele ya wodi nzima, akasema, "Daktari, nimekosea. Nilimtajia jina badala ya kumuuliza."

Baba akaletwa, kisa chote ameshakisikia kule barazani. Kumwona Akolong, akakataa katakata. "Huyu hapana. Mamake huniuzia mboga. Nitanunuaje sukuma tena?"

Kijana Rimberia, mwanafunzi mwenzake, akajitolea, yeye mwanamume. Baba, jasho linamtoka, akamuuliza, "Wewe ungemuuliza huyu mwanangu jina?"

Rimberia ni mkweli, Mungu ambariki. "Mzee, mimi ningekuwa nimeshamwekea."

Baba akafumba macho. "Basi mrudisheni yule wa mboga."

Akolong akatupa glavu na mpira aliokuwa amefungua, akanawa upya, akafungua mwingine. "Jina lako, mzee?"

"Si unalijua sasa?"

"Niambie wewe."

"Halkano Dabasso, miaka themanini, na ufanye haraka, binti."

Mkojo ulipotoka, baba alisema alhamdulillahi kwa sauti, na wodi nzima, Waislamu kwa Wakristo, ikaitikia amina. Je, mmewahi kusikia mkojo ukiitikiwa amina?

Vijana, huko mwendako mtakutana na wengi kama mimi, wanaosema ndiyo kwa heshima, au kwa hofu, au kwa usingizi. Msiishike ndiyo yetu peke yake. Tuulizeni tena, hata tukinung'unika.

Nawashukuru wote kwa masikio yenu, na Mungu awatangulie. Lakini wewe Akolong, baba amenituma neno moja. Anataka kujua utapelekwa hospitali gani, maana anasema haugui tena mpaka apate habari. Tafadhali, mwanangu, tujibu upesi. Mzee ana miaka themanini, hawezi kujizuia muda mrefu.