Makasi ya Madam Angeline

Bi. Angeline Nkirote, ambaye sisi wa ofisini tumezoea kumwita Madam Angeline, alistaafu Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025 baada ya kulitumikia Shirika letu la Habari za Mkulima, hapa Runyenjes, kwa miaka ishirini na tisa na miezi miwili. Aliajiriwa akiwa karani wa daraja la pili. Amestaafu akiwa karani wa daraja la pili. Mpiga chapa asidhani nimerudia sentensi hiyo kwa bahati mbaya.

Alitoka kwao Kangeta Septemba 1996 na kuja kuanza kazi akiwa na sanduku moja na lafudhi ya Kimeru ambayo watu wa hapa waliitania hadi wakachoka. Siku hizo magazeti yalifika kwa basi kutoka Nairobi mwendo wa saa tano. Kazi yake ilikuwa kukata habari za kahawa, chai, miraa na makadamia kwa makasi, kuzibandika kwenye karatasi kwa gundi, kisha kutoa nakala za kupelekwa kwenye ubao wa matangazo wa Karurumo na ule wa Kangeta. Pembeni aliandika jina la gazeti, tarehe, na jina la mwandishi.

Kwenye jina la mwandishi hakuwa na mchezo. Nilipokuja hapa nikiwa kijana wa majaribio niliwahi kukata habari moja nikaacha jina kwenye debe la taka. Alinifanya nipekue debe lote, maganda ya ndizi na yote, mpaka nikalipata. Alisema mtu huyo amekanyaga tope la soko kutafuta habari hiyo, na mimi nimeketi kwenye kiti, kwa hiyo kuandika jina lake hakutaniua. Nilicheka. Laiti ningesikiliza.

Magazeti yalipohamia mtandaoni, wengi wetu tulidhani kazi ya Madam imeisha. Yeye alijiandikisha kwenye chuo kidogo cha kompyuta mjini Embu, akawa anakwenda kila Jumamosi. Mwaka wa 2016 alitoa stoo kompyuta ambayo ofisi ilikuwa imeitupa, akaweka humo programu ya bure inayokaa kwenye mashine yako mwenyewe na kukufanyia kazi. Kila asubuhi programu hiyo huzunguka tovuti za magazeti, hufungua habari moja moja, huchukua kichwa, mwandishi na maandishi yenyewe, na kuacha matangazo, picha za kamari na takataka zote zinazorukaruka kwenye ukurasa. Yeye alizisoma, akazichuja, akatengeneza muhtasari wa kurasa mbili unaowafikia wakulima kwa simu kabla ya saa tatu. Mashine hiyo aliipa jina Makasi.

Makasi iliishi chini ya meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Ukutani aliandika kwa wino mwekundu: USICHOMOE, HATA KWA CHAI. Anayejua kilichotokea siku ile birika la umeme lilipochomekwa mahali pa Makasi anajua kwa nini karatasi hiyo ilihitajika, na anamjua pia aliyekuwa na kiu. Aliomba msamaha wiki nzima.

Watu hufikiri mashine ikishawekwa, mtu huketi kula mahindi. Gazeti likibadilisha mpangilio wa kurasa zake, Makasi ilirudi na ukurasa mtupu, au na orodha ya mechi za kubashiri, na Madam alianza upya kuionyesha habari inapoanzia na inapokomea. Tovuti nyingine huweka jina la mwandishi mbali na habari, kwa hiyo mashine hulitupa. Alikaa siku tatu akiifundisha Makasi kuliokota jina hilo, tovuti baada ya tovuti. Aliiagiza pia itembee polepole, ukurasa mmoja kisha ipumzike, isiwasumbue wenye tovuti. Kuna gazeti moja lililosema halitaki kutembelewa na mashine. Hilo alilinunua kwa mkono na kulisoma kwa miwani.

Na kuna siku ya chai. Makasi ilikuwa imeagizwa ikusanye kila habari yenye neno hilo. Asubuhi moja, Madam akiwa kliniki na mimi nikituma bila kusoma, wakulima walipokea chini ya kichwa cha Habari za Chai taarifa ya askari watatu waliokamatwa barabarani wakipokea chai. Ndambiri, mkulima wa Karurumo ambaye hupiga simu hata akiona nukta imekosewa, alipiga simu alasiri na kumpata Madam mwenyewe, ambaye yeye humwita kwa jina la mwanawe. "Mama Kiunga, hii chai ya polisi mmeandika leo, inapandwa wapi? Mimi niko ready kung'oa kahawa yote!" Madam alimjibu kwamba hiyo haihitaji mbolea, inahitaji barabara tu. Kesho yake aliiagiza Makasi kwamba chai ikikaa karibu na polisi, imwite kwanza.

Sasa nifike pale ambapo wasifu kama huu kwa kawaida huruka.

Chini kabisa ya kila muhtasari Madam aliweka mstari mmoja: Imekusanywa na Angeline Nkirote. Hakuna aliyemwambia auweke, na kwa miaka mitatu hakuna aliyeulalamikia. Mapema mwaka wa 2019 Mkurugenzi wetu, Bwana Gedion Nyaga, alialikwa Nairobi kwenye hafla ya tuzo za ubunifu. Wiki moja kabla, aliniita akanieleza kuwa muhtasari ni wa shirika, si wa mtu, na kwamba mimi, kwa kuwa ndimi ninayebonyeza kutuma, niwe nautoa mstari ule na kuweka Ofisi ya Mkurugenzi. Nilisema ndiyo bwana. Haikunichukua hata dakika moja kukubali.

Siku ya hafla, gazeti moja lilikuwa limebadilisha kurasa zake usiku. Madam alikuwa kwa magoti chini ya meza tangu alipofika, akiirekebisha Makasi, na muhtasari ukatoka saa tatu kasorobo. Saa nne Bwana Nyaga aliuonyesha muhtasari huohuo kwenye skrini kubwa na kueleza jinsi alivyokaa chini akaubuni. Tuzo iko pale mapokezi, kando ya maua ya plastiki. Madam alikuwa akiipangusa vumbi.

Mwaka wa 2021 nafasi ya Mkuu wa Kitengo cha Habari ilitangazwa, naye akaomba. Jopo lilimtaka aonyeshe kazi iliyotolewa kwa jina lake. Alileta muhtasari mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja chini ulisema Ofisi ya Mkurugenzi. Aliwaambia kazi ni yake. Mwenyekiti wa jopo akasema hiyo haiwezi kuthibitishwa. Mimi nilikuwa nimeketi nje kwenye benchi, ningeweza kuingia na kuithibitisha kwa maneno matano. Sikuingia, kwa sababu nilikuwa ninangoja zamu yangu. Nafasi hiyo nilipewa mimi.

Kuanzia hapo nilikuwa bosi wake. Hakunifanyia kisirani hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko ambavyo matusi yangeniuma. Aliendelea kuniletea muhtasari kila asubuhi ukiwa na mstari wake chini, nami kila asubuhi niliufuta. Hatukuwahi kuuzungumzia. Nilijiambia kwamba Makasi ndiyo inayouweka, kwamba aliuagiza zamani na amesahau kuutoa. Ukihesabu siku za kazi tangu 2019, niliufuta zaidi ya mara elfu moja na mia sita.

Wiki yake ya mwisho alinikabidhi daftari lenye maelezo yote ya Makasi, kurasa arobaini na tatu, kwa mwandiko ambao mtoto wa darasa la tatu angeusoma. Nilipitia maagizo ya mashine moja baada ya jingine. Tarehe ilikuwamo, mpangilio wa habari, hata salamu za asubuhi. Mstari ule haukuwamo. Nilimuuliza uko wapi.

"Huo nilikuwa naandika mwenyewe, Runji," alisema. "Ningeuweka kwa mashine, ungekuwa unafuta wa mashine."

Kisha akaendelea kunionyesha jinsi ya kuiamsha Makasi stima ikirudi.

Siku hiyo nilikwenda nyumbani nikiwa nimeamua. Muhtasari wa mwisho, ule wa tarehe 31, ungetoka na jina lake, Bwana Nyaga apende asipende. Asubuhi ile Madam aliniletea kama kawaida, nikaufungua nikashuka moja kwa moja hadi chini. Hapakuwa na kitu. Habari ya mwisho ilihusu ugonjwa wa majani ya kahawa, jina la mwandishi wake likiwapo, na baada yake ni nafasi nyeupe. Nilimtazama. Alikuwa anakunja kile kitambaa cha kufuma na kukiweka kwenye mkoba. Ningeweza kuuandika mimi, lakini niliona haya kumwandikia mbele yake kitu nilichomfutia miaka yote hiyo. Nilituma ulivyokuwa.

Siku nne baadaye gazeti moja likabadilisha kurasa zake na mimi nikawatumia wakulima ratiba ya mechi za kubashiri. Ndambiri alipiga kabla sijamaliza chai. "Runji, leo ni kamari mnatufunza? Mwenye kazi yake yuko wapi?" Nilimwambia amestaafu.

Madam Angeline, tunakushukuru, na anayeandika haya anakuomba pia msamaha, mbele za watu, mwishoni mwa ukurasa, palepale alipokunyang'anya jina. Kangeta ikupokee kwa mvua nzuri, magoti yako yapone kwa kutoinama tena chini ya meza yetu, na miaka iliyobaki iwe yako yote. Hatukukulipa heshima uliyoistahili, na blanketi tulilokupa siku ya kuagana halifuniki hilo.

Jarida hili la ofisi hupita kwa Mkurugenzi kabla ya kuchapwa. Toleo hili halikupita. Nimelipeleka Embu kwa mpiga chapa mwenyewe, na kesho nitajibu nitakachoulizwa. Maneno haya ni yangu, ila kila habari iliyowafikia wakulima kutoka ofisi hii tangu 2016, na nyingine nyingi kabla ya hapo, ina mstari wake wa mwisho. Nauandika hapa kwa mkono.

Imekusanywa na Angeline Nkirote.