Maneno Niliyombebesha Binti Yangu

Nawasalimu nyote. Namshukuru Mungu aliyetukutanisha tena katika ukumbi huu wa Blacktown, huku ugenini, na namshukuru mama mwenyekiti wa kikundi chetu, aliyeniomba mara tatu nizungumze nami nikamkatalia mara mbili. Mimi si msemaji. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa hiyo nimeandika kwenye karatasi nisije nikapotea katikati. Sitamtaja mtu kwa jina.

Mnajua kwamba mke wangu alifariki. Wengi wenu mlisimama nami makaburini. Ambacho hamkijui ni kilichotokea nyumbani kwangu.

Alipougua ini, tulipokelewa vizuri hospitali. Nesi akataka kupiga simu kwa mkalimani wa Kiswahili. Mke wangu akakataa. Akaniambia, "Waswahili wa mji huu tunajuana wote. Nikiongea leo kwenye simu hiyo, kesho ugonjwa wangu unauzwa kwenye bucha za Auburn pamoja na nyama." Nilicheka, nikamuunga mkono. Mkalimani tulikuwa naye wetu, binti yetu, wakati huo ana miaka kumi na minne. Tangu akiwa mdogo ndiye aliyetusomea barua, ndiye aliyeongea na mwenye nyumba. Nadhani hata kwenu wengi iko hivyo.

Daktari aliongea kwa muda mrefu, haraka, kwa maneno ya hospitali. Binti akanigeukia, akasema, "Watampa dawa za kupunguza maumivu, halafu wataangalia."

Nikamuuliza, "Basi?"

"Basi, Baba."

Nikarudi kazini. Mimi napokea mizigo kwenye ghala kule Ingleburn, na miezi ile nilikubali kila zamu ya ziada niliyopewa. Mke wangu alikata roho Alhamisi moja, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nahesabu maboksi. Nilipofika wodini nilimuuliza nesi, kwa Kiingereza changu cha kazini, kwa nini hawakunionya. Akaniangalia kwa huruma. "Lakini mliambiwa," akasema. "Daktari aliwaambia siku ya kwanza kwamba hatapona."

Baada ya mazishi nikamwita binti yangu sebuleni. Nikamwambia, "Ulijua. Umeninyima kumuaga mama yako." Alisimama tu, viganja amevificha ndani ya mikono ya sweta.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka. Sikunywa pombe, sikuacha kazi. Niliacha kuongea na mtoto. Miaka miwili na zaidi tulikaa nyumba moja kama wapangaji. Nikiuliza chumvi iko wapi, ananijibu kwa Kiingereza. Hata kanisani nilikaa upande mwingine. Mlidhani ni huzuni ya kufiwa. Ilikuwa hasira, na nilikuwa nimemwelekezea mtoto aliyefiwa kama mimi.

Mwaka jana alikuwa anamaliza sekondari. Jioni moja akaweka daftari mezani. Alitaka kusoma baiolojia chuo kikuu, shahada ya miaka mitatu, na kulikuwa na siku chuo kinafungua milango ili watu waje kuangalia. Akasema kwa Kiswahili, "Sijui nichunguze nini. Wewe unajua kukagua vitu."

Nilimwambia nitafikiria. Kama isingekuwa mama mmoja wa kikundi hiki, nisingeenda. Alileta chakula kama kawaida yake, akasikia habari hiyo, akaweka sufuria chini. "Shemeji," akasema, "mwenzio kafa, wewe umejifia ukiwa hai. Mpeleke mtoto."

Nikavaa suti. Ninayo moja tu, ile ya mazishi. Binti akanitazama. "Baba, watu wanaenda na jinzi."

"Waende. Mimi naenda na suti."

Tulipofika, msichana mwenye fulana ya chuo akaniuliza kwa heshima nataka kusomea nini. Binti yangu akageuka pembeni, mabega yakitikisika kwa kicheko. Sikuwa nimemwona akicheka tangu msiba.

Sasa, kazini kwangu hatusaini mzigo kabla ya kuufungua. Hivyo ndivyo nilivyokikagua chuo. Karatasi zao nzuri zenye picha sikuziangalia sana. Nilitaka kuona maabara. Niliangalia viti, nikaona vimechakaa, nikaridhika, maana kiti kipya ni kiti kisichokaliwa. Nikauliza kama wa mwaka wa kwanza wanashika hadubini wenyewe au wanamtazama mwalimu akishika. Nikauliza wanaingia maabara mara ngapi kwa wiki, wanatoka nje kwenda kuangalia mimea na wanyama walipo au hapana, na mtu asipoelewa anamfuata nani. Binti alitafsiri, akaandika majibu kwenye daftari lake. Kwa kweli nilianza kufurahi.

Kisha nikauliza swali lililonileta. Mhadhiri aliyekuwa akitujibu pale maabara alikuwa mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe. Nikasema, "Muulize, mtu akimaliza hapa, ataweza kutibu ugonjwa kama wa mama?"

Binti akasita. Lakini akauliza. Yule mama alimtazama yeye kwanza, kisha mimi, akajibu polepole. Binti akanigeukia.

"Anasema hapana. Anasema shahada hii haimfanyi mtu daktari. Wengi wanaomaliza hawatagusa ugonjwa huo maisha yao yote. Wengine wanapima maji, wengine wanafundisha, wengine wanafanya kazi ambayo haihusiani kabisa. Nikitaka utafiti nitaongeza mwaka wa nne, halafu miaka mingine, na hata hapo haniahidi kazi. Anasema wanaokuja kwa sababu ya mtu waliyempoteza, wengine wanaendelea vizuri, wengine wanaacha mwaka wa kwanza."

Alifika mwisho. Na kwa kuwa yule mama aliongea polepole, mimi nilikuwa nimeelewa sehemu kubwa. Mtoto hakupunguza neno, na yote yalikuwa yakimwumiza yeye.

Nawaambia ukweli. Nilikumbuka uso wa daktari wa hospitali, siku ile ya kwanza. Sikuelewa maneno yake, lakini uso niliuona, na uso hauhitaji mkalimani. Nilijua. Niliuliza "Basi?" mara moja tu kwa sababu sikutaka kuuliza mara ya pili. Nilimweka mtoto wa miaka kumi na minne mbele yangu kama mlango, kisha nikamlaumu kwa kufungwa.

Tukaketi kwenye benchi nje ya maabara, watu wanapita. Nikamwambia, "Mwanangu, naomba unisamehe. Haikuwa kazi yako. Ilikuwa yangu."

Akafunga daftari lake. Kisha akasema, "Mama alijua, Baba."

"Alijua vipi?"

"Aliniuliza siku ileile, tulipoenda chooni. Nikamwambia. Akasema, 'Baba yako tumwache kwanza, atanisumbua na uso wake wa huzuni. Tutamwambia pamoja.' Halafu hatukupata siku, wewe ulikuwa kazini."

"Kwa nini hukuniambia nilipokugombeza?"

"Ungemkasirikia Mama."

Nililia pale, na suti yangu. Msichana mwenye fulana akatuletea maji.

Baadaye nikamuuliza kama anasoma baiolojia kwa ajili ya mama yake. Akasema, "Nusu. Siku ile sikuelewa ndani ya mwili kunatokea nini, hata kwa Kiingereza. Nilitafsiri kitu nisichokijua. Sitaki tena hivyo. Nusu nyingine napenda tu." Nikaona hilo ni jibu la kusaini. Alikiweka chuo kile namba moja kwenye orodha ya vyuo alivyoomba, akijua kila ubaya wake. Sasa yuko mwaka wa kwanza. Ni mgumu, na kuna wiki anataka kuacha. Ananiambia akitaka kuacha.

Nawashukuru mliotupikia bila kuuliza maswali. Namshukuru mama yule wa sufuria, na mhadhiri ambaye hakutudanganya ili tujiunge.

Ninaloomba kwenu ni moja. Mkienda hospitali, kubalini mkalimani wa simu. Wamekatazwa kusema habari zenu, na hata wakisema, aibu ya watu Auburn kuujua ugonjwa wako ni ndogo. Mtoto wako mwache akae kama mtoto.

Binti yangu yuko pale nyuma, na najua hataki mgeuke kumwangalia. Ila wakati wa chai, kama una kijana anayefikiria masomo haya, usije kwangu. Nenda kamuulize yeye. Atakwambia yote.