Shangazi na Kanuni ya Bembea

Baada ya miaka kumi na tisa kwenye dawati la huduma kwa wateja, Shangazi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina hilo hakupewa na ofisi. Alipewa na mteja aliyeanza simu kwa kufoka na kuimaliza kwa kumwita shangazi, nasi tukalidaka hapohapo.

Kwa wageni watakaosoma jarida hili, kampuni yetu inauza viwanja ambavyo huwezi kuvikanyaga. Vimo ndani ya kompyuta, katika mji wa mtandaoni ambako watu hununua eneo, hujenga nyumba, hualikana na kupiga soga. Ila hasira ya mwenye kiwanja ni ileile. Bei inapanda Jumatatu, inashuka Alhamisi. Aliyenunua kwa bei ya juu anaamka na kukuta jirani kapata kwa nusu, na wa kwanza kusikia ni sisi. Wengi wetu tulikuwa tukimsomea maelezo tuliyoandaliwa, kwamba bei hufuata mahitaji, na mteja anazidi kuwaka.

Shangazi hakuyasoma hata siku moja. Alikuwa na utaratibu wake: hazungumzii bei mpaka akione kiwanja. Anamwomba mteja amsubiri kwenye geti la kiwanja chake, anaingia mjini, na kijitu kinachomwakilisha kwenye skrini kinaanza safari, kimevaa shati la bluu ambalo kila mgeni hupewa bure na ambalo yeye hakulibadilisha miaka yote. Kutembea kulimshinda kabisa. Aligonga kuta, akatumbukia kwenye mabwawa ya watu. Safari moja alikwama juu ya paa la mwanamke mwenye duka la viatu, aliyekuwa akiapa kutupeleka mahakamani. Malalamiko yakasikilizwa kutoka juu ya paa, na mwenye duka akacheka mpaka mahakama ikamtoka akilini. Bei yake haikupungua hata kidogo, lakini hadi leo hupiga simu kumjulia hali. Mume wa Shangazi hulalamika kwamba mkewe anaijua mitaa isiyokuwepo kuliko njia ya kwenda sokoni.

Si kila simu iliishia kwa kicheko. Kuna mwaka wakubwa walitangaza kwamba mtaa wa zamani sasa ni katikati ya mji, na ada ya mwaka ya viwanja vyake ikapanda mara tano. Asiyelipa, nyumba yake inafutwa na kiwanja kinauzwa upya. Fundi cherehani mmoja akapiga simu. Hakufoka. Alieleza kwamba nyumba ile aliijenga na binti yake, jioni baada ya jioni, na binti sasa ni marehemu. Pesa hiyo hakuwa nayo. Aliuliza tu kama kuna namna ya kuinusuru bembea ambayo mtoto aliiweka uani, hata kama nyumba itakwenda.

Shangazi akaenda kukiona kiwanja. Sisi tuliokaa karibu naye tulimwona akivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akapanda ghorofani kwa mkurugenzi bila miadi. Hakubishana naye kuhusu bei. Alimwomba tu waende wote kwenye kile kiwanja, kwa kuwa dawati lake ndivyo linavyofanya kazi. Mkurugenzi, ambaye inasemekana hakuwahi kuingia katika mji anaouuza, naye akavalishwa shati la bluu, akagonga kuta kadhaa, akafika uani. Bembea ilikuwa ikienda na kurudi yenyewe, kama binti alivyoitengeneza. Kijitu cha fundi kilikuwa kimekaa kando yake.

Wiki hiyohiyo ikatoka kanuni mpya: aliyekwisha kujenga atabaki na ada yake ya zamani, na bei mpya ni ya mnunuzi mpya. Kwenye nyaraka ina jina refu. Sisi tunaiita kanuni ya bembea.

Mfanyakazi akiondoka, akaunti yake hufutwa. Ina maana Ijumaa jioni yule mwenye shati la bluu angetoweka, na jambo hilo lilituuma kuliko tulivyotaka kukiri. Fundi cherehani aliposikia, akapiga simu. Aliomba kiwanja chake kimegwe, na kona ya karibu na bembea iandikwe jina la Shangazi, ili abaki na kijitu chake kama mteja wa kawaida. Mkurugenzi alisaini siku hiyohiyo.

Shangazi, tumekupenda na tunakushukuru. Nenda ukapumzike, uwe na afya na siku nyingi za furaha, na njia ya sokoni mzee atakuonyesha. Na kwa kuwa sasa wewe ni mteja wetu, siku bei ikikukera, tupigie. Hatutakusomea maelezo. Utusubiri getini, tunakuja kukiona kiwanja kwanza.