Kompyuta ya Zamani Isiondoke Kwanza

Mgeni rasmi, Bwana Zedekiah Nthiwa, mwenyekiti wetu Mama Waringa, wanachama wenzetu na majirani mliofika,

MAKARIBISHO
Sisi wapiga picha wa Dagoretti Corner tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kompyuta mpya uliyotuletea tumeiona, na wengine wetu tumeshaigusa ingawa tulikatazwa. Ahsante sana.

TULIKOTOKA
Tulianza mwaka 2003 tukiwa wanne, tukipiga picha za harusi, ubatizo na maonyesho ya Jamhuri. Miaka miwili baadaye tukapata kompyuta hii kuukuu, ndani yake mna programu ya kupanga na kurekebisha picha.

UZURI WAKE
Programu ni ya zamani lakini imetubeba. Inapanga picha elfu kumi na moja kwa tarehe bila kuulizwa. Inaondoa macho mekundu, inamkata asiyetakiwa, na inanyoosha kazi za mwenzetu Kibe, ambaye hajawahi kupiga picha iliyonyooka na mwenyewe anajua. Tena haigusi picha halisi. Ukikosea, unarudi nyuma.

SHIDA YAKE
Hapo ndipo tulipoumia. Marekebisho yote hukaa ndani ya programu, si kwenye picha, na sisi hatukujua. Mwezi Agosti tulinakili folda nzima kwenye sidii, tukampelekea bibi harusi mmoja wa mtaa wa Satellite. Alipofungua kwake, lo! Macho mekundu yamerudi, na mchumba wake wa zamani, tuliyekuwa tumemkata, amesimama kando ya keki akitabasamu. Tulitukanwa tukakosa pa kuangalia.

Ili marekebisho yatoke, lazima kila picha ihifadhiwe upya, na mashine hukwama kila baada ya picha ishirini. Tumegawana zamu. Tumetoa elfu nne.

OMBI
Barua ya ofisi yako inasema gari litaondoka na kompyuta ya zamani leo saa kumi, kwa kubadilishana na ile mpya. Mgeni rasmi, kwa heshima zote, tunakataa. Tunaomba wiki sita. Kama haiwezekani, rudi na ile mpya. Itatuuma sana, lakini rudi nayo.

Si kiburi. Mwaka jana ulipofiwa na mama yako, Mama Mbithe, hamkuwa na picha yake hata moja. Mwenzetu Nzembi alimpata kwa nyuma katika picha ya watu wengine kwenye maonyesho ya Jamhuri, ameshika chupa ya chai, nusu yuko kivulini. Akawakata wale wengine, akamwangazia uso. Picha hiyo ndiyo iliyotangulia mbele ya jeneza.

Juzi uliomba nakala ya picha hiyo kwa ajili ya dada yako. Tumeitoa asubuhi hii, imo kwenye bahasha hii. Kwa hiyo wewe hatukudai wala hutudai. Zilizobaki mle ndani ni elfu saba, na hao pia ni mama za watu.

Mungu akulinde, akuzidishie, na akulainishe moyo kabla ya saa kumi.

Ni sisi,
Wapiga Picha wa Dagoretti Corner
Imesomwa na Wavinya Kivuva, Katibu
Novemba 2009