Msimwache Mwenzangu

Ndugu zangu, nimeomba nisimame kabla ya wengine, maana nikikaa kusikiliza shuhuda za watu nitaona yangu haina maana.

Wengi hapa Ilomba mnanijua. Mimi ni mpiga debe wa stendi. Humu ndani wapo niliowahi kuwavuta mkono wapande gari, mnisamehe. Sisi stendi hatusemi abiria, tunasema vichwa. "Bado vichwa vinne, gari iondoke." Ukizoea kumwita mtu kichwa, huoni tena kama hicho kichwa kina macho.

Nawaambia ukweli, hayo maneno niliyapeleka mpaka nyumbani. Watoto wangu watatu nikawa nawaita midomo. Narudi nauliza, "Midomo imeshakula?" Mke wangu nilimjua kwa ugali na nguo zilizofuliwa, basi. Siku moja akafungasha, akaenda kwao Iringa na watoto, mdogo akiwa bado mgongoni. Mnajua nilisema nini? Nilisema afadhali, nyumba imepumua. Mama wa pale mbele, wewe unacheka, lakini mimi nililia baadaye.

Sasa stendi kuna kazi nyingine, kuzuga. Gari ikiwa tupu watu hawapandi, kwa hiyo tunakaa ndani kama abiria, na ikikaribia kujaa tunateremka mmoja mmoja. Asubuhi moja ya baridi nilikuwa nazuga kwenye gari ya Iringa. Akapanda mama mmoja mtu mzima, akaniuliza inaondoka saa ngapi.

"Sasa hivi tu, mama."

Ilikuwa saa moja. Akakaa pembeni yangu, akaniambia binti yake amelazwa hospitali ya Tosamaganga, hukohuko Iringa, amepasuliwa, na hana mtu wa kukaa naye.

Saa tatu bado tupo palepale. Akafungua kikapu, akanigawia viazi vya kuchemsha. Akaniuliza jina langu na majina ya wanangu, nikamtajia.

"Huyo mdogo ameshaanza kutembea?"

Sikujua.

"Mama yao yuko wapi?"

"Kwao, Iringa."

"Kumbe unawafuata," akasema, na akafurahi kweli. Nikaitikia ndiyo.

Saa tano gari ikajaa. Nikateremka, nikasimama nyuma ya kibanda cha chai. Nasubiri iondoke, haiondoki. Kuchungulia, yule mama yuko mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja chini.

"Msimwache mwenzangu," anamwambia konda.

"Bibi, yule haendi popote."

"Anaenda. Anawafuata watoto wake, kaniambia mwenyewe."

Ndugu zangu, huyu ana mgonjwa. Nimeshamlia saa nne zake, na bado anazuia gari kwa ajili yangu mimi. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nikapanda. Kiti changu alikuwa amekiwekea kikapu, asikae mtu.

Tulipofika Makambako nikamweleza yote. Akakivuta kikapu chake, akakipakata mpaka Mafinga. Ndipo akasema, "Umenikosea sana, baba." Halafu akanipa kikapu nikishike. Nilikibeba mpaka mlango wa wodi, na nilipomwona yule binti amekaa kitandani anakunywa uji, nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Ukweni sikupokelewa kwa vigelegele. Mke wangu alinisikiliza huku anachambua maharage, hakuinua uso. Nilienda mara tatu. Mara ya nne tulirudi wote, na yule mdogo alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari.

Bado niko stendi. Abiria akiniuliza, namtajia saa ya kweli. Wenzangu walininunia, ila wawili sasa wameacha kuzuga. Namshukuru mke wangu, yule pale, na ninyi mliokuwa mkinipitia nikiwa peke yangu kwenye nyumba ile. Na namshukuru yule mama. Aliniuliza jina langu na majina ya wanangu wote watatu, na mimi safari nzima sikumuuliza lake. Linaniuma mpaka leo, kwa hiyo siku hizi naanza na hilo.

Mama uliyecheka, samahani, unaitwa nani?