Mwatiko wa Mzee Luvanda

Baba Mchungaji, wazee wetu, ndugu, majirani wa Mbagala na Mtoni Kijichi, poleni kwa msiba na poleni kwa jua, familia inawaomba msogee kidogo chini ya turubai, kwa sababu marehemu aliacha agizo kwamba historia yake isisomwe kwa kunong'ona, isomwe kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na samaki wake asipunguzwe hata sentimita moja. Anayesoma ni binti yake, Lulu, na ameahidi kutolia kabla hajamfikia samaki.

Mzee Wilbert Luvanda alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Mufindi, mkoani Iringa, akiwa mtoto wa tatu wa mchuma chai, akasoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, na mwaka 1969 akaajiriwa katika shamba la chai, ambako msimamizi wake alikuwa na mazoea ya kushuka mtoni kila Jumapili kuvua samaki waitwao trauti, kwa fimbo ndefu, mshipi mzito, na ndoana iliyofungwa manyoya ya jogoo ikafanana na mdudu. Mdudu huyo wa bandia walimwita nzi, hata alipofanana zaidi na panzi, na siku Wilbert alipomwona trauti anaruka kutoka majini kumfuata nzi asiye na uhai, alishikwa na furaha ambayo haikumtoka kwa miaka hamsini na sita iliyofuata.

Mwaka 1974 aliteremka Dar es Salaam, akapanga chumba Temeke, akapata kazi bandarini ya kuunga kamba na nyaya za winchi, kazi iliyompa vidole vyenye nguvu na subira ya fundo, akaifanya bila onyo hata moja mpaka alipostaafu mwaka 2011. Tarehe 30 Juni 1979 alifunga ndoa takatifu na Adelina, mpishi wa shule, hapo hapo Temeke, Mungu akawajalia watoto wawili, Stanley mwaka 1980 na Lulu mwaka 1984, na mwaka 1988 wakahamia nyumba yao ya Mbagala, ambayo wengi mnaijua kwa meza iliyo barazani, aliyofungia nzi wake, yenye kishikio cha chuma cha kubania ndoana, taa na makopo ya manyoya.

Manyoya hayo aliyafuata Buguruni kila Jumamosi, kwa akina mama wanaonyonyoa kuku, nao walimwekea ya shingoni peke yake, maana ya mkiani alisema ni ya kufagilia, na pale Buguruni walipokosa alitafuta kwingine, hivyo familia inatumia nafasi hii kumwomba radhi jirani ambaye jogoo wake mwaka 2003 alitembea shingo tupu kwa wiki tatu, jambo ambalo marehemu hakuwahi kulikiri. Mtu akipita barazani hata kuuliza saa, aliondoka na somo. Uzi uvute mpaka uhisi unataka kukatika, ndipo ulegeze kidogo, usirundike manyoya mpaka kwenye tundu la ndoana, acha nafasi ya fundo, na fundo lenyewe ulilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, la sivyo litajichoma na samaki ataondoka na mali yako. Fimbo ikirudi nyuma, mkono usimame sikioni, usubiri mshipi unyooke mgongoni kwako, ndipo upeleke mbele, na kama mwanafunzi alikuwa na papara, marehemu alivua kofia kumwonyesha kovu la sikio lake mwenyewe.

Kwa nzi hao alivua baharini kolekole, alivua mizia, wavuvi wakacheka kisha wakaja kuomba nzi, na watu wa Kijichi wakampa jina la Mzee Nzi, ambalo alilipenda kuliko lile la kitambulisho. Lakini tarehe 3 Disemba 2006, ufukweni Kijichi, alitamka mbele ya watu kwamba sasa atamvua mwatiko, na hapo rafiki yake Mzee Mbwana Kondo, mzaliwa wa Kijichi, mvuvi wa nyavu na mtoto wa mvuvi wa nyavu, akasimama. “Luvanda, mwatiko ni wa wavu! Babu yangu hakumvua kwa ndoana, baba yangu hakumvua, seuze wewe na kuku wako wa Buguruni! Siku mwatiko akila ndoana yako, mie naivaa hiyo ndoana kwenye kofia mpaka mmoja wetu azikwe.” Marehemu akampa mkono, mashahidi wakawa watu kumi na wawili, na tangu siku hiyo mtu huyu mpole hakuwa na raha.

Alifunga nzi mweupe, mwekundu, wa kung'aa, wa miguu sita, wa miguu minane, na miatiko wa Kijichi walikuwa wakija juu ya maji mdomo wazi, wakimpita nzi pembeni bila hata salamu. Hapa ndipo kosa lilipokuwa, na familia inalisema kwa upendo, mzee wetu alivua samaki tangu ujana lakini hakuwahi kumpasua hata mmoja, kazi hiyo aliiachia jikoni, na jikoni Mama Adelina, kila aliponunua mwatiko wa wavu, alimwambia, “Baba Stanley, huyu tumboni ana ukoga wa baharini mtupu, hana hata mguu wa mdudu,” naye akajibu kwamba mpishi ni mpishi na mvuvi ni mvuvi. Kwa miaka kumi na saba alikuwa anamkaribisha nyama mtu ambaye maisha yake yote anakula mchicha.

Tarehe 17 Februari 2024 alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukalala na haukuamka tena, madaktari wakampa mazoezi, na aliporudi nyumbani hakuuliza kama atatembea, aliuliza nani atamfungia nzi. Alikaa wiki nzima akiitazama meza yake ya barazani, na sisi watoto tuliogopa kwamba tunampoteza pale pale akiwa hai. Ili asiwe mbali na macho, Mama akamweka kwenye kiti jikoni, na Jumapili moja, mzee akiwa amekaa hapo, Mama alipasua mwatiko, na kwa mara ya kwanza mzee akaona kwa macho yake lile tumbo, kijani tupu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, “Mama Stanley, nilioa jibu mwaka sabini na tisa, nikahangaika kulitafuta ufukweni.”

Siku hiyo hiyo alifumua pembe ya kitambaa cha kochi, kile cha kijani ambacho Mama alikifuma kwa mikono yake, na Mama, badala ya kugomba, akakaa mbele ya kishikio akawa mkono wa kulia wa mumewe, mzee akielekeza, usikaze hapo, rudi nyuma, acha uzi uning'inie kama ulivyo, ukoga hauna miguu. Yeye mwenyewe akajifunza kurusha kwa mkono wa kushoto, uani, na kwa zaidi ya mwaka mzima hakuna nguo iliyoanikwa kwenye kamba yetu iliyosalimika.

Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, asubuhi, maji yakijaa, tulimpeleka Kijichi, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, maji yakimfika magotini, Mama ameshika kiti kwa nyuma, Mzee Mbwana amesimama pembeni mikono kifuani. Mkono wa kushoto ukasimama sikioni, ukasubiri, ukapeleka, ule ukoga wa uzi ukatua katikati ya ukoga wa kweli, na mzee hakuvuta, aliuacha uende na maji, akisema taratibu kwamba ukoga hauogelei. Mdomo mweupe ukaja juu, ukafumba, mshipi ukaondoka! Jamani, mwatiko aliruka mara nne, kiti kikaanza kwenda baharini na mtu wake, Mama akipiga kelele kwa majina ya watakatifu wote, Stanley kaingia majini na viatu, na Mzee Mbwana, aliyekuwa na kila sababu ya kuomba mshipi ukatike, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, “Mwachie! Mwachie aende, Luvanda, usimbane!” Dakika thelathini na tano baadaye ni Mzee Mbwana huyo huyo aliyemkumbatia samaki kifuani akamleta nchi kavu, sentimita themanini na saba kwa futi kamba ya Mama, na kabla mtu hajasema lolote aliichomoa ndoana mdomoni mwa samaki, akaisuuza, akaichomeka kwenye kofia yake.

Marehemu alipatwa na kiharusi cha pili tarehe 1 Septemba 2025, akafariki dunia Alhamisi tarehe 4 Septemba, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa bandarini, majirani waliopika na kukesha nasi, wavuvi wa Kijichi, na akina mama wa Buguruni, ambao jana wametuletea kopo la manyoya badala ya shada.

Jambo la mwisho. Jana alasiri Mama alimkumbusha Mzee Mbwana kwamba leo, udongo ukishafunika, ahadi yake imekwisha na kofia iko huru. Mzee Mbwana aliishika kofia, akasema, “Shemeji, nilisema mpaka mmoja wetu azikwe. Nilikosea kuhesabu. Ilikuwa niseme mpaka wote wawili.” Mtazameni, yuko pale mstari wa mbele, na uzi wa kijani unaoning'inia kofiani ni wa kitambaa cha kochi letu.

Baba, mshipi umenyooka. Pumzika kwa amani.