Mungazi wa Mama Chishimba

Mu bisi ya kwenda Hewa Bora, Mama Chishimba aliikala mbele yangu na miche mbili ya mungazi, muti wa mawese, mu makopo ya maziwa. Moja akaipatia papa wa pembeni yake, Vital, muntu asiyemujua.

"Mbegu zilitoka Kilwa, kule ku ziwa," akasema.

"Mama, kule kuko joto. Baridi ya huku itaiua mu mikono yangu."

"Ao itaua yangu. Kama sikugawa, siku ile nitaomba mbegu kwa nani?"

Vital aliendelea kukataa na mudomo, lakini mikono yake ilikuwa imeisha kufunika muche na koti.

Bisi ikasimama Naviundu. Vital akashuka, na mama akabeba kopo yake, akamufuata. Nikamuambia Hewa Bora iko bado mbele.

"Najua, mutoto yangu. Naenda kuona kwenye ataipanda."